Ahmad Baba: Mwanachuoni wa Timbuktu Aliyeulizwa Kama Rangi ni Dalili ya Utumwa

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Miongoni mwa maswali yasiyokoma kuletwa kutoka visiwani ni lile la posa. Kijana mwenye dini na tabia njema amepeleka posa, wazee wa binti wamekataa, na ukichimba sababu huikuti ila rangi yake, au maneno ya chini kwa chini kwamba babu wa babu yake aliletwa na jahazi kutoka bara akauzwa Mkunazini. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, lakini maneno hayakufungwa. Mas-ala ya kufu katika ndoa yana ukurasa wake wa fatwa na hatutayarudia hapa. Leo tunasimulia maisha ya mwanachuoni aliyeulizwa swali lililolizaa hilo, miaka mia nne na zaidi iliyopita, naye akalijibu kwa maandishi baada ya yeye mwenyewe kuonja minyororo.

Nasaba na makuzi

Jina lake ni Abul-Abbas Ahmad Baba bin Ahmad bin Ahmad bin Umar Aqit, at-Takruri, at-Timbukti. Alizaliwa mwezi wa Dhul-Hijja mwaka 963 Hijria, sawa na mwaka 1556 Miladia. Ukoo wa Aqit ulikuwa wa Kisanhaja, Waberber wa jangwani, ukahamia Timbuktu, mji uliopo karibu na kitongo cha mto Niger katika nchi inayoitwa leo Mali. Zama hizo mji ulikuwa chini ya dola ya Songhai, dola ya Waislamu weusi, na ukoo huu ulikuwa ndio wa makadhi wake. Kadhi Mahmud bin Umar alikalia kiti cha hukumu tangu 1498 hadi 1548, kisha wakamfuata wanawe, mmoja baada ya mwengine. Mmoja wao, al-Aqib, inasimuliwa kwamba alipokwenda hija aliipima Al-Kaaba kwa kamba, na aliporudi akaujenga upya msikiti wa Sankore kwa vipimo vile.

Nyumba hizo zilikuwa nyumba za vitabu. Babu yake Ahmad Baba aliacha majalada kiasi ya 700, katika zama ambapo kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono na kusafirishwa kwa ngamia kuvuka Sahara. Baba yake naye alikuwa mwanachuoni, na kijana alianza kusoma kwake na kwa ami zake.

Lakini mwalimu aliyemjenga hakuwa wa ukoo wake. Alikuwa Muhammad Baghayogho, mtu mweusi wa kabila la Wangara, aliyetokea mji wa Jenne. Ahmad Baba alikaa miguuni pake kwa zaidi ya miaka kumi, akisoma Mukhtasar ya Khalil na vitabu vingine vya fiqhi ya Kimaliki, hadithi, usuli na lugha. Katika kitabu chake cha wasifu wa wanachuoni alimweka juu ya wote aliowaona kwa macho yake, na akamhesabu kuwa ndiye mujaddid wa karne yao. Anatusimulia kwamba mtu asiyemjua kabisa angeweza kubisha hodi na kuomba kitabu cha thamani, na sheikh angekitoa bila ya kuuliza jina la mwombaji, na vingine havikurudi. Anasimulia pia subira yake kwa mwanafunzi mzito wa kufahamu, angemrudia na kumrudia mpaka waliokaa karibu wakachoka kwa niaba yake. Tuliweke hili akilini, maana aliyekuja kuulizwa juu ya hukumu ya watu weusi alikuwa mtu ambaye elimu yake nyingi ilitoka kwa mtu mweusi.

Kabla ya mitihani kumfika, Ahmad Baba aliandika risala ya kuwatahadharisha wanachuoni wasijikurubishe na watawala madhalimu. Hakujua kwamba mtawala angemfuata yeye nyumbani.

Mtihani

Mwaka 1591 jeshi la Sultani Ahmad al-Mansur wa Moroko lilivuka jangwa likiwa na bunduki, silaha ambayo Songhai hawakuwa nayo, na likavunja jeshi la Askia Ishaq katika vita vya Tondibi. Sultani alikuwa Muislamu, Askia alikuwa Muislamu, na sababu zilizotajwa zilikuwa za umoja wa Umma. Nyuma ya sababu hizo kulikuwa na dhahabu na migodi ya chumvi. Si bure kwamba al-Mansur alipewa lakabu ya adh-Dhahabi, mwenye dhahabu.

Wanachuoni wa Timbuktu hawakuuridhia utawala huo. Mwishoni mwa 1593 Pasha Mahmud bin Zarqun akatumia hila. Alitangaza kwamba nyumba zote zitapekuliwa silaha isipokuwa nyumba za kizazi cha Kadhi Mahmud. Watu wakakimbilia kuweka mali zao katika nyumba hizo, wakidhani ziko salama. Kisha akawaita watu msikitini Sankore kula kiapo cha utii, kundi baada ya kundi, na siku ya wanachuoni ilipofika milango ikafungwa wakakamatwa. Njiani kuelekea ngomeni ilizuka vurugu na watu 14 wakauawa. Nyumba zikaporwa, mali za wenyewe na amana za watu pamoja.

Ahmad Baba alipoteza vitabu 1,600. Alikuja kusema baadaye kwamba maktaba yake ilikuwa ndogo kuliko za jamaa zake wote, na mwenye akili atapiga hesabu ya kilichopotea mjini siku ile.

Mwezi wa Machi 1594 mateka walitolewa Timbuktu, wanaume, wanawake na watoto wa ukoo, na wakawasili Marrakesh mwanzo wa Ramadhani ya mwaka 1002. Ahmad Baba alisafiri na minyororo. Njiani alianguka kutoka juu ya ngamia na mguu wake ukavunjika. Mwaka huo huo, huku nyuma Timbuktu, sheikh wake Baghayogho alifariki dunia, na mwanafunzi hakuwepo mazikoni.

Alifungwa miaka miwili. Wengi katika jamaa zake walikufa katika mji ule wa ugenini na wakazikwa huko, akiwemo ami yake Kadhi Umar.

Mbele ya pazia

Kisa kilichobaki midomoni mwa watu kuhusu kukaa kwake Marrakesh kimehifadhiwa na mwanahistoria wa Kimoroko, al-Ifrani. Baada ya kutolewa kifungoni mwaka 1596 Ahmad Baba aliingizwa barazani kwa Sultani, akamkuta anazungumza kutoka nyuma ya pazia. Alimkumbusha kwamba kusema na viumbe kutoka nyuma ya pazia kumetajwa katika Suratush-Shura kuwa ni sifa ya Mwenyezi Mungu, na ikiwa Sultani anataka kujifananisha Naye basi yeye hana haja ya mazungumzo hayo. Pazia likaondolewa.

Hapo akauliza lile alilokuja nalo moyoni: kwa nini umepora vitabu vyangu, na kwa nini umenileta kwa minyororo mpaka nikavunjika mguu. Sultani akamjibu kwamba alitaka kuliunganisha neno la Waislamu. Ahmad Baba akamuuliza kwa nini basi hakuanza na Waturuki wa Tlemcen, ambao ni majirani zake wa karibu kuliko watu wa ng'ambo ya jangwa. Sultani akatoa hadithi ya kuwaacha Waturuki maadamu wamekuacheni, na Ahmad Baba akamrudishia kauli ya Ibn Abbas kwamba hilo lilikuwa la wakati wake na wakati huo umepita. Sultani akanyamaza.

Wapo wanaokipenda kisa hiki kwa ushujaa wake. Mimi naona uzito wake uko kwingine. Mtu yule hakuomba huruma wala hakulia uonevu kwa jumla jumla. Aliuliza dalili. Mwenye kudai haki ya kumfunga mtu alete hoja yake, na hoja ikifika ipimwe. Miaka 19 baadaye atafanya vivyo hivyo kwa wafanyabiashara wa watumwa.

Sultani alimwachia kutoka gerezani lakini hakumruhusu kurudi kwao. Akakaa Marrakesh miaka mengine zaidi ya kumi, na mji ukageuka mwanafunzi wa mfungwa wake. Wanachuoni walimsihi asomeshe, akakubali, akakaa katika Msikiti wa Masharifu. Kadhi na mwanahistoria Ibn al-Qadi alisoma kwake. Al-Maqqari, ambaye baadaye aliandika historia mashuhuri ya Andalusia, alichukua ijaza kwake. Fatwa za mji zikawa zinapelekwa kwake. Na bila ya vitabu vyake 1,600 alikamilisha huko kitabu chake kikubwa, Nayl al-Ibtihaj, wasifu wa wanachuoni wa madhehebu ya Maliki, ambacho watafiti wanakitegemea hadi leo. Ndani yake aliingiza wanachuoni wa Timbuktu safu moja na wa Fas, Kurtuba na Misri.

Wakati huo huo alikuwa akiona yanayotendeka. Misafara iliyotoka Sudan, kwa maana ya nchi za weusi kusini ya Sahara, haikubeba dhahabu peke yake. Ilileta watu, na miongoni mwao walikuwemo Waislamu waliozaliwa huru. Yeye mwenyewe pale mjini alijulikana kwa jina la as-Sudani.

Al-Mansur alifariki mwaka 1603. Mwanawe Zaydan ndiye aliyemruhusu kurudi, na Ahmad Baba akaondoka 1607 akafika Timbuktu mwaka uliofuata. Njiani, kwa kupitisha tu, aliandika risala ya kuhalalisha tumbaku, iliyokuwa kitu kipya siku hizo. Wanachuoni wa zama zetu, baada ya matabibu kusema yao, wengi wao hawamfuati katika hilo.

Swali kutoka Tuat

Tuat ni mkusanyiko wa oasisi za mitende katikati ya jangwa, kusini mwa Algeria ya leo. Misafara ya watumwa ilipumzika pale, na watu wa Tuat walinunua na kuuza. Baadhi yao walikuwa na wasiwasi wa dini. Walimwandikia Ahmad Baba maswali, naye akajibu mwaka 1024 Hijria, yaani 1615, katika risala inayoitwa Mi'raj as-Su'ud, ngazi ya kupandia kuielekea hukumu ya weusi wanaoletwa kuuzwa.

Kuna maswali mawili ndani yake ambayo watu huyachanganya.

La kwanza lilihusu rangi. Wauzaji walikuwa na hoja iliyovishwa nguo za dini: kwamba Nabii Nuh (A.S.) alimuapiza mwanawe Ham, kizazi chake kikageuka cheusi na kuhukumiwa utumwa kwa ndugu zake mpaka mwisho wa dunia. Watu wa Tuat wakauliza kama hayo yamethibiti. Ahmad Baba akajibu kwamba hayakuthibiti. Alirejea kwa Ibn al-Jawzi aliyeikataa riwaya hiyo, na kwa Ibn Khaldun aliyeeleza kwamba weusi wa watu unatokana na joto la nchi wanazoishi. Kisha akaweka msingi: katika Sharia kilichokuwa kikimfanya mtu aweze kutiwa utumwani ni ukafiri, na ukafiri hauna rangi. Kafiri mweupe na kafiri mweusi walikuwa na hukumu moja, na Muislamu mweusi ni huru kama Muislamu mweupe. Kizazi cha Ham hakina la zaidi wala la pungufu mbele ya sheria.

La pili lilikuwa la ushahidi, na hapa ndipo penye fiqhi ya ndani. Watu wa Tuat walisema: tunaletewa mtu, hatujui alikotoka, tutajuaje? Waliuliza pia kama nchi za weusi zilitekwa kwa vita kwanza na wakaazi wake wakasilimu baada ya kushindwa, maana kwa hukumu ya zama zile aliyesilimu baada ya kutekwa hakutoka utumwani kwa kusilimu kwake. Ahmad Baba alizijua nchi hizo. Akawajibu kwamba watu wa Bornu, Kano, Katsina, Songhai na wenzao hawakutekwa na yeyote. Walisilimu kwa hiari yao, zamani, nao ni Waislamu huru. Akaongeza jambo ambalo wafanyabiashara hawakupenda kulisikia: kwamba wafalme wa nchi hizo huvamiana wao kwa wao, Muislamu akamteka Muislamu na kumuuza, na kuuzwa huko hakumtoi katika uhuru wake. Mnunuzi aliyelipa fedha zake hakununua kitu.

Basi mtu akisimama sokoni akasema mimi natoka Kano, ni Muislamu? Hapa alitegemea fatwa ya mwanachuoni aliyemtangulia, Makhluf al-Balbali, ambaye tayari alikwisha kutaja nchi za Waislamu na kusema kwamba anayejulikana kutoka huko aachwe aende zake. Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Mwenye kazi ya kuthibitisha hawi tena yule aliyefungwa kamba shingoni, ambaye mashahidi wake wako safari ya miezi miwili. Kazi inahamia kwa mwenye kushika kamba. Wanaosoma fiqhi watakumbuka kanuni kwamba dalili ni juu ya mwenye kudai, na kwamba asili ya mwanadamu ni uhuru. Mbele ya macho ya mnunuzi wa Tuat, ngozi nyeusi ilikuwa imeigeuza kanuni hiyo juu chini, na Ahmad Baba akaisimamisha tena. Na penye shaka akawahimiza wachamungu wajitenge na ununuzi huo.

Inatupasa tuseme kweli yote. Ahmad Baba hakuharamisha utumwa. Alitaja pia makabila aliyoyajua kuwa si Waislamu, kama Wamossi na Wagurma, na kwa hao mlango aliuacha wazi. Orodha yake ilikuwa ngao kwa wengine na ruhusa kwa wengine. Karne mbili baadaye viongozi wa Sokoto, Shehu Usman dan Fodio na mwanawe Muhammad Bello, waliitaja walipopanga hukumu za nchi zilizowazunguka. Msomaji wa visiwani aone wazi maana yake: watu wengi walioletwa Unguja kutoka bara, kutoka upande wa Nyasa na kwengineko, hawakuwa Waislamu siku waliyokamatwa, na orodha ya namna ile isingewakinga. Jibu lake la kwanza ndilo linalowafikia, wao na wajukuu zao. Yule kijana wa posa akisomewa hadithi ya Ham na mzee wa ukumbini, mzee huyo anasoma riwaya ambayo mwanachuoni wa Timbuktu aliieleza kuwa haina msingi tangu 1615.

Baada yake

Ahmad Baba aliishi Timbuktu miaka yake ya mwisho akisomesha na kutoa fatwa, akafariki tarehe 6 Shaaban 1036, Aprili 1627. Vitabu na risala zake zimehesabiwa zaidi ya 40. Allah amrehemu.

Hoja haikufa, wala uonevu haukufa. Mwishoni mwa karne hiyo Sultani Mawlay Ismail wa Moroko aliamua kuunda jeshi la watu weusi, akaamuru wakusanywe nchi nzima, pamoja na Haratini waliokuwa Waislamu huru kwa vizazi. Aliwataka wanachuoni wa Fas waweke sahihi kwamba hao ni watumwa kwa asili. Sheikh Abdus-Salam Jassus alikataa. Hoja yake ilikuwa ile ile ya asili na dalili: hao ni huru, na anayedai vinginevyo athibitishe. Alinyang'anywa mali, akafungwa, na mwaka 1709 akauawa. Katika karne ya 19 mwanahistoria Ahmad an-Nasiri wa Sala, akiona watu weusi wakiuzwa masokoni Moroko kama wanyama, aliirejea risala ya Ahmad Baba kuwaonyesha watu wake kwamba wengi wa hao ni ndugu zao katika dini na kuuzwa kwao ni haramu.

Timbuktu kuna taasisi ya maandiko ya kale yenye jina lake, iliyoanzishwa mwaka 1973. Januari 2013 wapiganaji waliokuwa wameuteka mji walichoma sehemu ya maandiko hayo kabla ya kukimbia. Sehemu kubwa ya maandiko ya mji ilikuwa imeshatoroshwa kimya kimya na wenyeji hadi Bamako, ndani ya masanduku, kwa magari na kwa mitumbwi ya mto Niger. Mi'raj as-Su'ud yenyewe ilichapishwa Rabat mwaka 2000, Kiarabu pamoja na tarjama ya Kiingereza.